Nguruwe wa Nguzo ya Tatu

Ifahamike kwa watu wote wa parokia ya Ostrey, walio hai na wale waliolala chini ya nyasi ubavuni mwa kanisa, kwamba taarifa hii imeandikwa na shahidi asiyeegemea upande wowote, mwenye akili timamu, kumbukumbu kamili, na dhamiri nyeupe kama kitambaa cha madhabahu. Kitambaa cha madhabahu, kwa kweli, kina madoa ya nta na mavi ya popo. Lakini akili timamu ipo.

Taarifa inahusu nyumba ya Mzee Desmond Cattermole, ile ya matofali mekundu inayotazamana na lango la kanisa, na jinsi yeye na mkewe, Bi Pauline, walivyokaribia kunyang'anywa ufunguo. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo pia mjukuu wao Tabitha, wa miaka kumi na sita, msichana mpole, msikivu, anayesoma shule ya bweni na kuja kwao kila likizo kwa kuwa wazazi wake wanafanya kazi ng'ambo. Huyu hahusiki na lolote. Ametajwa kwa ajili ya ukamilifu tu.

Ufunguo wenyewe ni wa chuma, mzito kama nyundo, na umetundikwa jikoni kwa akina Cattermole tangu enzi za babu yake Mzee Desmond. Kila siku saa mbili asubuhi mzee huvaa gambuti, huvuka barabara, na kulifungua kanisa la Mtakatifu Margareta. Jua likishuka hulifunga. Halipwi hata peni. Mwaka aliobadilishiwa nyonga alikwenda kwa magongo mwezi mzima, akizomewa na kunguru wa mnarani. Hata siku ya harusi yake alilifungua kanisa mwenyewe, akaoa, akatoka, akalifunga.

"Nimesimama kwenye mvua na shela langu," Bi Pauline huwasimulia wageni, "bwana harusi yuko mlangoni anatikisa kitasa kuona kama kimeshika. Hapo ndipo ningekimbia."

"Viatu vilikuwa vinakubana," mzee hujibu. "Usingefika mbali."

Miaka miwili iliyopita wezi walipanda juu ya paa la upande wa kaskazini, wakabandua bati lake la madini ya risasi, wakaliviringisha kama mkeka na kuondoka nalo. Tangu hapo mvua huingia ibadani bila kukaribishwa. Kulirudisha bati kunataka paundi elfu sabini na nane. Waumini wa Jumapili ni kumi na mmoja, kumi na wawili ukimhesabu mbwa wa mpiga kinanda, ambaye mahudhurio yake ni bora kuliko ya wengine. Basi mwezi wa Januari ikaja barua ya dayosisi: fedha zisipopatikana kufikia Pentekoste, kanisa litafunguliwa Krismasi na Pasaka tu, na ufunguo utakaa ofisini mjini, maili kumi na nne kutoka Ostrey.

Mzee Desmond aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa.

"Nani atakuwa anafungua asubuhi?" akauliza.

"Hakuna, Des. Ndiyo maana ya kufunga."

"Na mtu akitaka kuingia akae kidogo?"

Bi Pauline akaweka birika motoni. Katika nyumba ile mtu akikosa jibu hupika chai, na majira hayo ya baridi ilipikwa chai nyingi sana.


Nguzo za Mtakatifu Margareta ni za jiwe laini kama jibini kavu, na watu wa karne zilizopita walizichora kwa visu na sindano: meli, viganja, maua ya duara, jina la mwanamke aliyekufa kwa tauni. Ukitazama hivi hivi huoni kitu. Lazima uilaze tochi ubavuni mwa jiwe, mwanga upite kwa kukwaruza, ndipo mistari huinuka kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kila msimu wa baridi Mzee Desmond huzunguka nguzo zote hivyo, shibiri kwa shibiri, akiwa na kofia ya sufu na sandwichi mfukoni.

Ni lazima kusema pia kwamba katika kanisa la namna hii huwezi kupigilia hata msumari bila kibali cha dayosisi. Bi Verity Aldous, msimamizi wa kanisa pamoja na mzee, wakili mstaafu aliyehamia kutoka London miaka kumi na mmoja iliyopita na bado anaitwa mgeni, aliwahi kuhamisha ndoano ya makoti. Aliandikiwa barua ya kurasa tatu.

Jumanne moja ya Februari, Tabitha alikuwa shuleni kwenye foleni ya chakula cha mchana simu yake ilipolia.

"Tabby! Umekaa?"

"Nimesimama, Babu. Nimeshika sahani."

"Basi iweke chini. Nimempata nguruwe."

"Nguruwe gani?"

"Nguruwe amevaa kofia ya askofu! Nguzo ya tatu, kaskazini, nyuma ya benchi la akina Borrett. Anasinzia, Tabby, kama askofu kwenye mahubiri ya mwenzake. Miaka mia sita amekaa hapo, nami nimempita kila siku ya Mungu." Sauti ikakatika kidogo. "Bibi yako anasema nalia. Silii. Humu ndani kuna baridi."

Zilipita sekunde tatu. Shahidi huyu amezipima baadaye kwa saa ya mkononi, na anathibitisha kwamba sekunde tatu zinatosha kabisa kusema, "Babu, likizo ya Krismasi kulikuwa na mtu aliyechoka kukaa ndani, mwenye bikari ya shule na chai baridi ya kupakia mikwaruzo ionekane ya kale, naye alitaka tu kukuchekesha." Maneno yote hayo yanaingia, ukiyasema haraka.

"Hongera, Babu," Tabitha alisema.

Mambo yakaanza kukimbia. Gazeti la wilaya lilileta mpiga picha. Wageni wakaja kwa magari, wakalaza tochi, wakaguna kwa heshima. Kopo la sadaka lililozoea vifungo vya makoti likapata paundi mia nne katika wiki tatu. Bi Pauline akaoka biskuti za sura ya nguruwe, na Bi Verity akachapisha kwa fedha zake vitambaa mia mbili vya kufutia vyombo, kila kimoja na yule nguruwe, akaviuza paundi nane nane. Mfuko mmoja wa kutunza majengo ya kale ukaandika kwamba uko tayari kufikiria kugharamia paa. Paa lote. Ila kwanza ungemtuma mtaalamu wake atazame, wiki ya Pasaka.

Kila Jumapili jioni mzee alipiga simu shuleni kutoa habari, na kila Jumapili sekunde zile tatu zilipita tena.


Mtaalamu alikuwa Dokta Imogen Sayle, mwanamke mfupi mwenye taa ndogo kichwani na adabu kubwa. Mzee Desmond alivaa tai. Mchungaji Hester Fulbrook, anayehudumia makanisa sita na kula chakula chake cha mchana garini kati ya moja na jingine, alifika na makombo kwenye kola. Bi Verity alikuwapo na kalamu. Tabitha, aliyekuwa likizo, alishika chupa ya chai na kuishika vizuri.

Dokta Sayle alipiga magoti kwenye mto uliofumwa na akina mama wa parokia, akamtazama nguruwe kwa dakika arobaini. Mara moja alicheka peke yake.

"Mchoraji ana mkono," alisema. Mzee akavimba kama mkate.

Kisha akauliza, "Mzee Cattermole, nguzo hii imewahi kuzibwa?"

"Hii? Kamwe."

"Njoo uguse hapa. Kwenye mkia."

Mzee akainama, nyonga ikalia. Akapitisha kidole gumba juu ya mkia wa nguruwe, ule uliojikunja mara mbili. Akakipitisha tena, polepole.

"Ni kiraka," Dokta Sayle alisema. "Chokaa, vumbi la jiwe, saruji kidogo. Kazi safi ajabu, karibu inipite. Mkia umechorwa juu yake, kwa hiyo nguruwe hawezi kuwa na umri mkubwa kuliko kiraka."

Kutoka paani maji yalidondoka ndooni.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, mzee alipokuwa kijana wa miaka ishirini na tano akibeba ndoo za fundi mwashi, nguzo ya tatu ilipasuka. Fundi alikuwa na homa. Kijana Desmond alichanganya chokaa mwenyewe, akaitia rangi mpaka ikafanana na jiwe, akaziba, akasugua kwa gunia. Sifa ya kiraka ni kutoonekana, na kile kilikuwa kizuri hivi kwamba nusu karne baadaye kilimpotea hata aliyekiweka.

"Kiraka ni changu," alisema. "Niliziba mwaka wa ukame."

Bi Verity akaacha kuandika. Ungeweza kumwona akijumlisha: mtu mwenye ufunguo, anayeijua nguzo, anayelililia paa, aliyempata nguruwe peke yake. Mchungaji Hester akatazama viatu vyake.

"Mimi siulizi nani," Dokta Sayle alisema taratibu, akivua taa. "Mimi naandika umri tu. Pole sana."

Mzee alikuwa ameilaza tochi yake tena juu ya nguruwe. Katikati ya tumbo lile la duara mlikuwa na tundu dogo, la ncha ya sindano, mahali bikari iliposimama ikazunguka. Alilitazama tundu hilo kwa muda mrefu. Halafu akazima tochi, na alipogeuka hakumtazama mtu yeyote, hasa mmoja.

"Mimina chai, Tabby," alisema. "Dokta ametoka mbali."


Gazeti lililomleta nguruwe kwa picha kubwa likamzika kwa habari fupi, lakini Ostrey haihitaji gazeti. Kwenye baa, wachezaji wa vishale walikoroma kwa pamoja kama nguruwe mzee alipofungua mlango. Hakukaa. Mtu alitundika nguruwe wa plastiki kwenye lango la nyumba. Bi Pauline akamtungua kwa fagio kabla mumewe hajaamka, asijue kwamba mumewe alikuwa dirishani.

Dukani muuzaji alimwuliza, "Bekoni leo, Bi Pauline? Ya kisasa au ya zama za kale?"

"Nipe mkate," alisema, "na chenji sahihi kwa mara moja katika maisha yako."

Alifika nyumbani mkate ukiwa umebonyea kwapani. Siku hiyohiyo Bi Verity alileta maboksi ya vitambaa ambavyo havikuuzika.

"Siwalaumu," alisema, akiwalaumu. "Ila sina pa kuviweka."

Bi Pauline alichukua pochi, akanunua kumi kwa bei kamili, paundi themanini, fedha za mafuta ya kupashia nyumba joto. Bi Verity alizipokea. Wote wawili waliona aibu, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Mezani Tabitha alikula kwa adabu na kuosha vyombo bila kuambiwa. Bibi yake alimsifu kwa hilo.

Alhamisi, Shemasi Mkuu Philip Orde, ambaye kazi yake ni kuwa jicho la askofu na ambaye ana urefu unaomfaa, alikuja kumwona mzee katika sakristia, Mchungaji Hester akiwa shahidi. Walikaa katikati ya majoho na mitungi ya maua mikavu.

"Ni jengo la karne ya kumi na nne, Desmond. Kulikwaruza ni kosa la jinai. Ninaweza kulazimika kuita polisi, na polisi watataka kuhoji kila anayeingia humu. Kila mtu wa kila nyumba."

"Kanisa liko wazi kutwa," Mchungaji Hester alisema. "Anaweza kuwa mpita njia yeyote."

"Ni mimi," mzee alisema.

"Desmond, acha."

"Ni mimi, Mchungaji. Kwa ajili ya paa."

"Sikuamini," Mchungaji Hester alisema.

"Si lazima uniamini. Andikeni."

Shemasi Mkuu alifuta miwani. Si mtu mbaya. Alionekana kama mtu aliyetumwa kumchinja jogoo anayemfahamu. "Basi polisi tuwaache. Utajiuzulu kwenye mkutano wa mwaka, Jumapili, mbele ya waumini. Na ufunguo utauweka mezani."

"Sawa." Mzee akaivuta kofia yake ya sufu mpaka ikarefuka. "Naomba jambo moja. Mjukuu wangu asiambiwe kwamba tumezungumza hivi. Ana mitihani mwezi ujao. Akidhani mimi ni mwongo, atachekacheka yatapita. Lakini akijua kwa nini..." Akaiachia kofia. "Ni mtoto mzuri. Anapenda mzaha tu."


Mkutano wa mwaka hufanyika nyuma ya kanisa, baada ya ibada, kati ya sinia za vitafunio na birika kubwa la umeme. Kwa kawaida huja watu wanane, na saba kati yao huchaguliwa kushika cheo. Jumapili ile walikuja ishirini na sita. Mkosi wa jirani hujaza mabenchi kuliko injili.

Mzee Desmond alisimama na tai ileile. Aliutoa ufunguo chini ya koti, akauweka mezani kando ya keki ya ndimu. Ulilia kama kengele iliyopasuka.

"Najiuzulu," alisema. "Nguruwe ni kazi yangu. Mnisamehe. Pale bawabani paka mafuta kabla ya baridi, la sivyo mlango unavimba."

Akataka kukaa.

"Subiri," Bi Pauline alisema kutoka kwenye birika. Uso wake ulikuwa mwekundu, na si kwa mvuke. "Nina swali kwa Shemasi Mkuu. Umewahi kumwona mume wangu akichora?"

"Pauline, kaa chini."

"Nimekaa miaka arobaini na minane. Ndugu zangu, huyu mtu alichora ramani ya kufikia kanisa hili kwa ajili ya harusi yetu. Upande wangu wote uliishia kwenye zizi la ng'ombe la akina Borrett. Shangazi yangu na kofia yake!"

"Kweli," mzee Borrett alisema. "Baba aliwapa maziwa."

Watu wakacheka. Bi Pauline hakucheka. Akachukua ajenda, akaigeuza nyuma, akampa mumewe kalamu. "Chora nguruwe."

"Sichori."

"Aliyechora yule anaweza kuchora huyu. Chora, Des, au mimi nitalala kwa dada yangu mpaka Pentekoste."

Basi mzee wa miaka sabini na minne, mbele ya kanisa zima, akainama juu ya meza akachora nguruwe. Alitoa ulimi pembeni kama mtoto wa chekechea. Bi Verity akaiinua karatasi, kila mtu aone.

"Miguu ni mingapi hii?"

"Minne. Ule mwingine ni mkia."

"Mimi naona birika," mtu akasema.

"Mimi namwona mkwe wangu," mzee Borrett akasema, na kicheko safari hii kilifika mpaka kwa mpiga kinanda, mbwa akabweka. Mzee Desmond alisimama katikati ya kicheko hicho, masikio yakiwaka. Aibu ya kuitwa mwongo aliibeba wima; hii ya kuchekwa ilimwinamisha.

Kicheko kilipoisha, Shemasi Mkuu aliuliza kwa upole, "Kama si wewe, Desmond, kwa nini ulisema ni wewe?"

Mzee aliinyoosha tai yake. Bi Pauline akamtazama, akingoja, kwa kuwa hata yeye hakujua bado.

Bi Verity ndiye aliyejua. Mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye kipande cha soseji, kwa kuwa hata wakili hupata njaa, na hapo ukasimama. Mbele ya sinia kulikuwa na vikadi vya majina ya vyakula, vilivyoandikwa asubuhi hiyo na mjukuu wa nyumba kwa kuombwa na bibi yake. Keki ya ndimu. Skonzi. Kwenye kadi ya soseji, chini ya maandishi, alikuwapo nguruwe: duara mbili, macho ya kusinzia, mkia uliojikunja mara mbili. Bi Verity aliichukua ile kadi akailaza, bila neno, juu ya kitambaa chake mwenyewe kilichofunika skonzi, kando ya yule nguruwe wa paundi nane.

Walikuwa mapacha.

Kwa nini mtu aliyekaa kimya tangu Februari achore nguruwe kwenye kadi siku ya hukumu? Nimejiuliza. Nadhani mkono ulichoka kumngoja mwenyewe aseme.

Ndiyo. Yule msichana mpole asiyehusika na lolote ni mimi.

Watu ishirini na sita waligeuka. Bibi aligeuka wa mwisho, na uso wake sitaueleza. Alikuwa amekuja kumwokoa mumewe, akajikuta amenikamata mimi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mtoto alikuwa anaiga tu," Babu alisema haraka. "Ameona kwenye kitambaa. Watoto huiga."

"Des," Bibi alisema. "Nyamaza."

Nilisema, "Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, ya mtu wa miaka sita. "Krismasi. Kwa bikari. Nilitaka Babu acheke. Halafu alipolia nikashindwa kusema."

"Alipolia lini?" mtu akauliza.

"Kwa furaha," nilisema, na hapo ndipo nilipoona nyuso zikibadilika, kwa maana kila mtu pale alikuwa amekoroma, au amecheka mwenzake alipokoroma.

Shemasi Mkuu aliniambia nitakachofanya: barua kwa Dokta Sayle, kwa Mfuko, kwa gazeti, na kwa kila muumini kwa jina, kwa mkono. Shule itaarifiwa. Kuhusu polisi atazungumza na askofu. Kisha Mchungaji Hester, ambaye alikuwa na kanisa jingine saa sita, akasema kujiuzulu kulikotolewa kwa uongo hakuna uzito, na akaomba kura. Mikono ishirini na mitatu ilipanda. Bi Verity aliinua wake wa kwanza, na wangu ulibaki chini kwa kuwa sikujua kama bado ninao. Mfuko hautarudi, paa litavuja, na Pentekoste ni wiki sita. Lakini mpaka hapo ufunguo ungekaa jikoni kwetu.


Nilimkuta Babu kwenye benchi la jiwe la barazani, pale watu wanapovulia viatu vya matope. Ufunguo ulikuwa magotini mwake. Nilikaa upande wa pili. Ndani tuliwasikia wakila keki. Watu wa Ostrey hawaachi keki ipotee kwa sababu ya msiba.

"Samahani, Babu."

"Nguruwe si kitu," alisema. "Nguruwe ni mzuri. Yule Dokta alicheka, ulimsikia? Mimi pia nilicheka, siku ile ya kwanza, kabla sijaanza kulia. Ulichotaka ulikipata." Aliupangusa ufunguo kwa kofia. "Wale jamaa wa baa watachoka. Vitambaa tutafutia vyombo mpaka tufe. Hayo yote nimeyaweka kando."

Nilianza kupumua.

"Nataka kujua jambo moja tu. Alhamisi, nilipokuwa na Shemasi Mkuu, nilisikia ubao wa sakafu upande wa kwaya ukilia. Nikadhani ni popo."

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Mimi huwa nayo kama watu wengine wanavyokuwa na leso. Moja lilikuwa zuri sana, lina baiskeli ndani yake.

"Nilikuwa mlangoni," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ulisikia niliposema ni mimi."

"Nilisikia."

"Na ile ya mitihani."

"Na ile."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepima kama mlango umeshika. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Nilidhani hukujua," alisema. "Siku tatu hizi nilikuwa najiambia, angalau Tabby hajui, angejua angesema. Ndicho kilichonisimamisha pale mezani." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya tochi. "Sasa, ulipotoka pale mlangoni. Ulifanya nini?"

Ningeweza kusema nililia. Nililia baadaye, ningeweza kuihamisha siku.

"Nilishukuru, Babu. Nilirudi nyumbani, nikala pai ya Bibi sahani mbili, nikalala. Ulikuwa usingizi wangu mzuri wa kwanza tangu Februari."